Mwiko wa Mashine

Napeyok hakuamini kitu chochote chenye mlango kisichokaliwa na mtu. Friji ilimchukua miaka minne kuizoea, na hata alipokwisha kuizoea aliifungua kwa ghafla, kama anayetaka kumfumania mwizi. Basi mashine ya kuoshea vyombo ilipoteremshwa kwenye lori la kutoka Lodwar, Novemba ya mwaka 2012, alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni, akaitazama kama mtu anavyomtazama mposaji ambaye kwao hakujulikani.

Lilikuwa kabati la chuma, refu la kumfika kifuani, lenye tumbo tupu na meno ya waya. Fundi aliyekuja nalo alisema litaosha sahani mia kwa mara moja. Napeyok akamuuliza, kwa mikono gani? Fundi akacheka. Napeyok hakucheka, maana hakuuliza kwa utani.

Jiko lenyewe lilikuwa la nyumba ya wageni ya shirika moja hapo Kakuma, kando ya barabara iendayo Lokichoggio. Kwenye karatasi lilikuwa jiko la shirika. Kwa haki lilikuwa la Napeyok, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya karo lake miaka kumi na tisa. Wapishi walikuja na kuondoka, mameneja walikuja na kuondoka, wengine hata bila kuaga. Kikombe kilichoingia mikononi mwa Napeyok kilitoka kizima. Hilo ndilo lililokuwa jina lake pale, na hakuwa na jina jingine la kujivunia.

Alizaliwa upande wa Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda, siku baba yake alipopokea wageni, ndiyo maana akaitwa Napeyok, mtoto wa wageni. Mbuzi walipokwisha kwa ukame, na mumewe akavuka mpaka kutafuta ngamia asirudi, alitembea na watoto wake wawili hadi Lodwar. Hapo akapata kazi ya kusugua sufuria kwa mchanga na majivu jikoni mwa misheni. Na Lodwar ndiko alikosoma. Aliingia ngumbaru wiki sita, na watu wazima wenzake, mpaka siku mwalimu alipomcheka kwa kuandika S ikitazama nyuma. Akafunga daftari, akatoka, hakurudi tena. Lakini herufi alizokuwa amezipata hakuzirudisha. Mtu akimuuliza kama anajua kusoma, alijibu, "Nimesoma Lodwar," kwa sauti ya kumaliza maneno, na maneno kweli yalikwisha hapo.

Kutoka kwa mama yake alikuwa na kitu kimoja tu. Kilikuwa elepit, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, chembamba, cheusi kwa miaka, chenye mkanda wa ngozi shingoni. Elepit haioshwi kwa maji, na sabuni haiijui. Huzungushiwa kijinga cha moto ndani mpaka ifuke moshi, kisha hupakwa mafuta, na maziwa yakimiminwa humo hupata ladha ambayo kikombe cha shirika hakitaipata hata kikichemshwa wiki nzima. Aliiweka kwenye rafu ya juu kabisa, na kila siku saa sita mchana alinywea humo maziwa ya ngamia aliyoletewa langoni na jamaa zake.

Sasa, mashine haikuja peke yake. Wiki hiyo hiyo alikuja pia Mkongo.

Meneja mpya, Bi Fathiya, mwanamke wa Lamu mwenye sauti ya chini na mkono mwepesi wa kuandika, alieleza kwamba wageni wamezidi. Kusini huko mafuta yamepatikana, kambini wakimbizi wa Sudan Kusini wanamiminika, kila gari linaloingia lina mtu anayetaka kulala na kula. Mikono miwili haitoshi. Kwa hiyo amemwajiri Félicité kutoka kambini, mama wa miaka kama thelathini na mitano, mtu wa Uvira, ili asaidiane na Napeyok. Napeyok alilijaribu jina hilo mara moja, likamkwama, akaamua mwenye jina ndiye mwenye kosa. Akamwita Filista.

Filista aliingia jikoni akasema, "Ejok, Mama."

Napeyok alimtazama juu mpaka chini. Mtu anayejifunza salamu ya kwenu kabla hajajua choo kiko wapi, huyo ana jambo analolitaka.

"Mie niko hapa kwa kusukula bintu," akaendelea yule mgeni, akitabasamu.

"Kusukuma?"

"Kusukula, Mama."

"Hapa tunaosha," akasema Napeyok. "Ukitaka kusukuma, magari yako nje."

Fundi alikaa siku tatu. Aliwaonyesha jinsi ya kupanga sahani na gilasi kwenye meno ya waya, mahali pa kutia sabuni ya unga, na kidude cha kubonyeza. Félicité alitazama kwa makini na kubonyeza kila alipoambiwa. Napeyok alitazama kwa mbali, ili mashine isimzoee. Kabla ya kurudi Lodwar, fundi alimtajia Bi Fathiya vitu ambavyo mashine ile haviwezi, kwamba itaviharibu, na Bi Fathiya akaviandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuibandika karatasi ukutani, juu ya mashine.

Bi Fathiya hakupenda matangazo marefu. Kwao Lamu neno moja lililokaa mahali pake lilimtosha mtu mwenye akili. Kwa hiyo juu aliandika neno moja, kubwa, akalipigia mstari: MWIKO. Chini yake akapanga: visu vya mpini wa mti, kikaango cha chuma, sufuria za alumini, thamosi, ubao wa kukatia nyama, vyombo vyote vya mti. Kisha akawaita wanawake wawili, na huku gari la kumpeleka Lodwar kwenye mikutano, na kutoka huko likizo kwao, likinguruma uani, akauliza kama wamesoma na kuelewa.

"Nimesoma," akasema Napeyok.

Gari likaondoka. Félicité akabaki akiitazama karatasi. Kifaransa alikisoma, hata kitabu chake cha nyimbo za kanisa kilikuwa cha Kifaransa, lakini Kiswahili cha maandishi kilimpiga chenga, na hiki cha wino mwekundu kilikuwa kimekunjamana kama nyuzi.

"Mama," akasema, "inasema nini?"

Ikawa kama mtu amempelekea Napeyok kigoda. Alijifuta mikono, akasogea, akaiweka nyuma ya mgongo kama mwalimu wa Lodwar, na midomo yake ikaanza kazi. M. Wi. Ko. Akashuka na mstari baada ya mstari, hakukosa ila kwenye thamosi, ambako alipita mara mbili. Alipofika mwisho kijasho kilikuwa kimemtoka, lakini alikuwa amefika.

"Ni vitu vya mashine," akasema. "Mbali na sahani na gilasi, mashine inataka na hivi. Cha kwanza mwiko, halafu visu, halafu kikaango, sufuria, thamosi, ubao. Na vyombo vya mti."

"Hata mwiko ya bugali?" Félicité alishangaa. Mwiko wenyewe ulikuwa pale pale ndani ya ndoo, mrefu kama mkono wa mtu, umepakaa ugali.

"Huoni umeandikwa mkubwa kushinda vyote?"

Félicité akashukuru kwa mikono miwili. Napeyok akarudi kwenye karo lake. Karatasi haikumhusu, na mashine haikumhusu. Yeye alikuwa na mchanga wake, majivu yake, na gunzi lake la kusugulia.

Mambo yakaanza taratibu, jinsi mambo mabaya yanavyoanza. Kwanza mwiko. Asubuhi moja Napeyok aliushika akaona mdomo wake umechanika na kutoa nyuzi kama fagio. Akasema labda ni uzee. Siku ya pili visu. Mipini ilikuwa imepauka kama mifupa iliyolala juani, inacheza, na makali yameondoka. Kikaango cheusi, ambacho yeye mwenyewe alikipaka mafuta kila jioni kwa miaka kumi na tisa, kilikuwa na kutu nyekundu kama udongo wa barabarani. Thamosi ukiitikisa inalia maji mahali pasipo na maji. Na zile sufuria kubwa za alumini, alizokuwa akizing'arisha mpaka mtu akajiona meno, zilikuwa zimekuwa za kijivu, chafu kwa kuzitazama na chafu kwa kuzigusa, ukizipangusa zinakuachia weusi vidoleni.

Napeyok alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiri. Sufuria haizeeki kwa siku moja. Kwa hiyo hii si ile. Ile nzuri imetoka, na hii kuukuu imeingia mahali pake. Na nani anayetoka langoni kila jioni kwenda kambini, ambako sokoni kuna kila aina ya chombo, kizuri na kibovu? Alipofika hapo aliona jambo lote limejipanga lenyewe, kama sahani kwenye meno ya waya.

Bi Fathiya alirudi baada ya sikukuu, Januari, akaingia jikoni na kuvipitia vyombo kimoja kimoja, akivigeuza mwangani. Hata Napeyok, aliyekuwa ameandaa mashtaka yake, alishindwa kuyaanza. Mwishoni meneja alisema kwamba wakubwa wa shirika wanakuja mwisho wa mwezi, na kwamba kati ya watu wawili wanaoosha vyombo humo mmoja anaharibu vitu. Hajui ni nani. Atakapojua, huyo ataondoka. Na asipojua, ataamua mwenyewe. Halafu akamgeukia Napeyok.

"Aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba haitaki mashine hii, Bi Napeyok, si Félicité."

Alilisema kwa ile sauti yake ya chini, akatoka. Napeyok alibaki ameshika kikaango chenye kutu. Miaka kumi na tisa hajapoteza kijiko, na leo anatazamwa yeye. Kuanzia hapo hakuwa na jambo jingine moyoni. Kabla mwezi haujaisha alitaka amshike Filista, mkono ndani ya kitu, la sivyo yeye ndiye angetoka kwenye lango lile na kitambaa chake begani, watu wakimtazama.

Alianza na Ater, mlinzi wa lango, mtu wa Sudan Kusini, mrefu kiasi kwamba kibanda chake cha ulinzi kilimfika kwapani. Akamwambia amkague Mkongo kila atokapo. Ater akauliza anatafuta nini. Napeyok akasema sufuria ya kupikia watu arobaini. Ater akafikiri kidogo, akasema sufuria hiyo Félicité akiificha chini ya kitenge, kambi nzima itampongeza kwa mimba ya mapacha. Lakini alimkagua. Wiki nzima kikapu kilikuwa na kitabu cha nyimbo, leso, na siku moja nusu chapati, ambayo Félicité alidhani ndiyo Ater aliyokuwa akiitafuta, akamwachia.

Napeyok hakutulia. Mwizi anayetoa nusu chapati ni mwizi mwenye mpango. Akachukua msumari, akageuza sufuria mbili zilizobaki nzuri, na chini ya kila moja akachora chapa ya mifugo ya baba yake, mistari miwili na pembe iliyopinda, ndogo ya kuonekana naye tu. Sasa tuone, alijisemea. Sufuria ikibadilishwa, chapa itaondoka nayo.

Kesho yake sufuria zote mbili zilikuwa za kijivu. Akazigeuza upesi. Chapa ilikuwa pale, mistari miwili na pembe, imekodoa macho.

Mtu mwingine angesema basi, nimemdhania bure. Napeyok alizidi kushuku. Kama sufuria ni ile ile, basi mtu huyu hahitaji hata kuiba. Anaziharibu tu, hapa hapa, kwa dawa au kwa nia, mpaka mwenye jiko afukuzwe na yeye abaki na funguo. Akaanza kumvizia kutoka stoo ya unga, kupitia upenyo wa mlango. Alichokiona hakikumsaidia. Félicité alikuwa akipanga vyombo, kila kimoja akikilinganisha na karatasi kwa kidole, akiimba chini kwa chini. Hakuna chupa aliyoitoa kifuani, hakuna unga alionyunyiza ila sabuni ya shirika. Alifanya kazi kama mtu anayetandika meza ya kanisa. Napeyok alirudi kwenye karo akiwa na hasira zaidi, maana uovu usioonekana ndio unaochosha.

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Saa sita mchana Napeyok alikwenda langoni kuchukua maziwa yake. Ater akamwambia leo Mkongo ameomba yeye Napeyok aulizwe kama anajua dawa ya kikohozi cha mtoto wake. Napeyok akamwambia asimletee habari za Filista. Akarudi na kidumu chake, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu.

Rafu ilikuwa tupu. Hata vumbi lilikuwa limepanguswa.

Mashine ilikuwa ikinguruma. Félicité alikuwa mlangoni anamenya viazi, akaona anachokitazama, akasema kwa furaha ya mtu aliyetenda jema bila kutumwa kwamba leo amekumbuka na kile cha mti kule juu, kilikuwa kinanuka moshi, Mama, ni kama hakijasukulwa tangu kizaliwe.

Napeyok hakujua kuifungua mashine. Miezi miwili alikuwa amekataa kujua. Aliweka kiganja kwenye mlango wake, ukamwunguza, hakukitoa. Akangoja hivyo mpaka ngurumo ilipokoma na Félicité akaja kufungua. Mvuke ukawapiga usoni. Katikati ya gilasi zinazometa, elepit ya mama yake ilikuwa imelala ubavu, imepauka, mkanda wa ngozi umesinyaa kama mkia wa mjusi mkavu, na ufa umetoka mdomoni ukashuka mpaka kiunoni. Ilinuka ndimu.

Napeyok akaitoa kwa mikono miwili.

"Twende," akasema.

Alivuka ua na elepit mikononi, maji ya moto yakimchirizikia viwikoni, Félicité nyuma yake akijifuta mikono kwenye kitenge na kuuliza ni nini, Mama, ni nini. Bi Fathiya alikuwa mezani kwake. Napeyok akaiweka elepit juu ya karatasi alizokuwa akiziandika.

"Madam, ulitaka mtu. Mtu huyu hapa. Kwanza alianza na vitu vyako nikanyamaza. Sasa amefika kwa mama yangu."

Akasema yote. Mwiko, visu, sufuria zenye chapa, nusu chapati. Félicité alisikiliza, na polepole uso wake ukaelewa kwamba wiki zote hizi alikuwa akitazamwa. Alipopewa nafasi alisema neno moja tu.

"Mie nilisukula sawa vile iliandikwa."

"Imeandikwa wapi?" akauliza Bi Fathiya.

Wakarudi jikoni wote watatu. Félicité akaweka kidole kwenye karatasi na kushuka nacho, mstari kwa mstari, na kwa kila mstari akageuka kuonyesha chombo chake: visu, kikaango, sufuria. Alipofika kwenye vyombo vyote vya mti akaonyesha elepit mikononi mwa Napeyok. Bi Fathiya alikuwa ameanza kushika paji la uso tangu kisu cha kwanza.

"Félicité," akasema. "Mwiko ni nini?"

"Ni kijiti ya kusonga bugali."

"Na wewe, Bi Napeyok, mwiko ni nini?"

Napeyok aliliona swali hilo kuwa la dharau. Akauchomoa kwenye ndoo mwiko wenyewe, ule uliochanika, akamsogezea meneja puani. "Unaniuliza mimi? Mwiko si huu?"

Bi Fathiya akakaa juu ya gunia la unga. Akaeleza, kwa taabu, kwamba hapo hakuwa na maana ya mwiko huo. Mwiko ni jambo lisilofanywa. Kuna ulaji ambao ni mwiko, kuna ndoa ambazo ni mwiko. Aliandika vitu ambavyo ni mwiko kuvitia ndani ya mashine. Vyote hivyo, alisema, mashine ilikuwa haitakiwi hata kuvinusa.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye elepit, tone, tone, juu ya saruji.

"Ni nani aliyekusomea hivyo?" Bi Fathiya akamwuliza Félicité.

Félicité alitazama chini. "Nilijisomea mwenyewe, madam. Kosa ni yangu."

Napeyok akamgeukia. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa shukrani. Lilikuwa lile lile la kila siku: huyu anataka nini kwangu? Anajifanya mwema ili kesho na keshokutwa anikalie kichwani. Halafu akaona kwamba hata hivyo hakuna kazi iliyobaki kwake ila kunyamaza. Mkongo amekiri kwa kinywa chake. Mwisho wa mwezi atatoka langoni na kitabu chake cha nyimbo, Ater atamsindikiza kwa macho, na jiko litarudi kuwa la mtu mmoja, kama lilivyokuwa miaka kumi na tisa. Ndicho alichokuwa amekitaka tangu siku ile ya ejok. Kilikuwa kimeletwa mpaka mkononi.

Lakini kulikuwa na kitu kinamkereketa, na kadiri alivyokitafuta ndivyo kilivyomwuma. Nilijisomea mwenyewe. Yule mwanamke asiyejua hata herufi moja ya Kiswahili, alikuwa amechukua kusoma kwa Napeyok, kusoma kwa Lodwar, wiki sita za ngumbaru, akadai ni kwake.

"Anasema uongo," akasema Napeyok. "Huyu hajui kusoma karatasi ile. Mimi ndiye niliyemsomea."

Bi Fathiya akainua macho.

"Na nilisoma sawasawa," akaongeza, kidevu juu. "M, wi, ko. Nionyeshe herufi niliyoikosa."

Bi Fathiya aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akainuka, akaubandua utepe pembe moja baada ya nyingine. "Hukuikosa," akasema. "Mimi ndiye niliyewaandikia watu wa Lamu."

Hakuna aliyetoka langoni mwezi ule. Bi Fathiya aliagiza sufuria nyingine kutoka Lodwar na akasema ataandika tangazo jipya, refu, lenye maneno kama kawaida ya watu. Napeyok akamwambia asijisumbue. Alitafuta waya, akaufunga kutoka msumari hadi msumari mbele ya mashine, na kwenye waya akatundika vitu vyenyewe: mwiko uliochanika, kisu kisicho na makali, mfuniko wa sufuria uliogeuka kijivu, thamosi inayolia maji, kipande cha ubao. Mtu yeyote wa lugha yoyote akija na kisu mkononi ataona ndugu wa kisu hicho ananing'inia.

Elepit aliikausha kivulini siku tatu. Kisha akapasha msumari moto, akatoboa vitundu kila upande wa ufa, akaanza kuushona kwa uzi wa ngozi ya mbuzi. Kazi hiyo inataka mtu wa kushika. Félicité alisimama pale, hakuondoka. Napeyok akamwambia alete mikono aione. Akaigeuza, akainusa kama haina sabuni, akampa chombo ashike.

"Kwa nini ulisema uongo kwa madam?" akamwuliza, macho kwenye uzi.

"Wewe ni mama," akasema Félicité. "Kwetu mama hatiwi haya mbele ya mtoto, hata kama mtoto ni madam."

Napeyok aliligeuza jibu hilo huku na huku, akitafuta upande wenye mtego. Hakuuona. Hilo pia alilitia akilini, maana mtego usioonekana siku ya kwanza huenda ukaonekana ya pili. Akavuta uzi, akamwambia ashike vizuri, anatetemesha. Na baada ya kushona sana, bila kuinua kichwa, akauliza kile kikohozi cha mtoto kimefika wapi.

Ndimu ilichukua siku tisa kutoka, kila siku kijinga cha moto, kila siku mafuta. Maziwa ya kwanza yalivuja tone moja kwenye mshono, na mpaka leo linavuja moja, si mawili. Napeyok huweka kidole chini yake na kukilamba.

Wakubwa wa shirika walipokuja, mmoja wao, kijana mwenye miwani na daftari, alisimama mbele ya waya ule, akavitazama vitu vilivyotundikwa, akauliza kwa Kiswahili cha Nairobi hii ni mapambo ya kienyeji au nini.

"Ni mwiko," akasema Napeyok.

Kijana akaitikia kwa kichwa, akaandika. Napeyok alisimama nyuma yake, akanyoosha shingo juu ya bega lake, midomo ikifuata kalamu. M. Wi. Ko. Aliandika sawasawa, hakukosa herufi. Lakini ameandika mwiko upi, huo ndio Napeyok hakuujua, na alimtazama mpaka akaingia garini.